Aliyeshika Fyuzi ya Jikoni

Feni ya kutolea moshi ilikaa juu ya kabati la jikoni, ndani ya boksi lake, kama bibi harusi aliyevaa mapema halafu bwana harusi akasahau njia. Mjukuu wangu aliinunua kwa sababu ya kifua changu. Mwashi alikuja, akatoboa ukuta juu ya jiko, akatuachia tundu la duara ambalo paka wa jirani alilifanya mlango wake wa mbele. Baada ya hapo kila fundi umeme tuliyemwita alisema kesho. Kesho ya fundi mnaijua. Tukawa tunakaanga na kukohoa, tunakohoa na kukaanga, mpaka siku hiyo nikachukua simu na kumwita fundi wangu mwenyewe.

Mkaza mwanangu, mama wa huyo mjukuu, aliniuliza huyo fundi nimemtoa wapi. Nikamwambia nimesifiwa na mtu ninayemwamini. Sikusema uongo. Aliyenisifia ni huyo huyo mjukuu wangu, na alimsifia mpaka mate yakamkauka, ila katika sifa zote hizo sikukumbuka hata moja iliyohusu umeme.

Mjukuu wangu ni fundi cherehani, anashona suti za wanaume, na mtaani wanamwita Mkasi. Ni jina linalomfaa, kwa kuwa ulimi wake hukata kila mahali isipokuwa mbele ya mama yake. Mbele ya mama yake anakuwa mkasi wa watoto, ule wa plastiki. Msichana aliyemteka roho anafunga umeme kwenye nyumba za watu, na yeye humwita Cheche. Jina hilo lilikuwa limepigwa marufuku mezani kwetu. Mkaza mwanangu hakuwahi hata kumwona huyo Cheche. Aliposikia tu kazi yake alisema mwanamke wa kupanda ngazi na kuingia darini hamtaki katika nyumba hii, akaomba apewe chumvi. Aliulizwa sababu, akasema chumvi. Mimi nilidhani ni maringo tu.

Lililonitoa kwenye mkeka ni simu. Cheche alikuwa amepata kazi mji mwingine, kwenye majengo mapya ya hospitali, na Jumatatu anaondoka. Alinipigia mwenyewe, sauti imetulia lakini imelowa.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana mjukuu wangu ni mume wangu na hilo halina mjadala, "nitaondoka. Nikiondoka bila neno kutoka kwa mama yake, sitamsubiri tena. Nitalia njiani, na nikishuka kwenye gari nitakuwa nimemaliza."

Nikafikiri kidogo, kisha nikamwuliza kama anajua kufunga feni.

Alikuja saa za kuandaa chakula cha mchana, amevaa ovaroli ya buluu, kitambaa kichwani, ngazi begani, mkoba wa vifaa unamgonga nyonga. Msichana si mrefu, si mnene, lakini alivyosimama mlangoni mlango ulionekana mdogo. Mkaza mwanangu alimtazama, akamtazama aliye nyuma yake, akaona hakuna, akauliza fundi yuko wapi.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Mkaza mwanangu aliitikia, kisha akageuza shingo kunitafuta mimi. Mimi nilikuwa natazama kitunguu. Hamjui kitunguu kina mambo mangapi ya kutazama. Akanijia karibu, akanong'ona kuuliza kama huyu siye yule wa mwanawe. Nikamwambia wasichana wa kazi hiyo siku hizi wamejaa, wanatoka chuoni darasa zima. Akaridhika nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomfanya asiondoke jikoni.

Basi akaanza kuona kwa macho yake. Kabla ya kutoboa matundu ya skrubu, msichana aliomba magazeti akafunika sufuria zote, akafunika na sahani, akanifunika hata mimi magoti. Tangu nyumba hii ijengwe hakuna fundi aliyejua kwamba vumbi la ukuta huingia kwenye sufuria. Akaipachika feni kwenye tundu, akazungusha mapanga yake kwa kidole kuona kama hayagusi popote, akashuka, akarudi nyuma, akaitazama kwa jicho moja, akapanda tena kuinyoosha kidogo tu. Akauliza tunapika sana upande upi wa jiko. Mkaza mwanangu akamweleza. Akamweleza na kuhusu lile jiko la zamani. Akamweleza na kuhusu kifua changu. Halafu nikamwona anafungua kabati la vioo na kutoa bilauri nzuri, ile ya wageni, anamtilia fundi maji. Nikajiinamia. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama chura aliyemwagiwa chumvi.

Ikafika zamu ya nyaya. Msichana alikwenda koridoni kwenye boksi la umeme, akazima, akachomoa fyuzi ya jikoni. Ni kipande cha kauri nyeupe, kinaenea kiganjani. Badala ya kukitia mfukoni, akasimama nacho, akatuuliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa fundi yeyote: nani katika nyumba hii ana wasiwasi kuliko wote?

Hakuwa amefunga mdomo, kisu changu cha vitunguu kilikuwa kimeshamwonyesha mkaza mwanangu.

Mkaza mwanangu akasema yeye hana wasiwasi wowote. Alisema hivyo huku akichungulia dirishani kuona kama geti limefungwa.

"Basi ishike wewe, mama," Cheche akasema. Akamwekea ile fyuzi mkononi, akamkunjia vidole kimoja kimoja. "Ikiwa hapa, nyaya zangu zimekufa, na mimi ni mzima. Usimpe mtu, hata akikwambia nimemtuma. Nitakuja kuichukua mwenyewe."

Mkaza mwanangu akavuta kiti, akakaa chini ya boksi, mgongo wima, ngumi kifuani. Ungedhani amepakatishwa mtoto wa siku moja.

Msichana akarudi juu ya ngazi. Akabonyeza swichi ya ukutani, akagusa nyaya na tesita, akaona hazina uhai, na swichi akaiacha vile vile chini. Akaanza kumenya nyaya kwa koleo, shaba inatoka inang'aa. Mimi nikawasha gesi, nikatia mafuta. Nikajisemea mambo yanaiva: akimaliza, mkaza mwanangu atakuwa ameshampenda fundi, na Cheche ataingia kwa mlango huo huo. Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Nilisahau tu kwamba mjukuu wangu naye hula mchana.

Mkasi hakupita mlango wa mbele. Alipitia uani, futi ya kupimia ingali shingoni, akaingia jikoni akiimba wimbo wake. Wimbo ukakatikia kwenye ulimi.

Sikuwa nimemwambia kitu. Kilichokuwa mbele yake ni msichana anayemlilia kila usiku, juu ya ngazi, jikoni kwa mama yake, na mwanga unaopenya kwenye feni umemwangukia shavuni. Macho ya Mkasi yalianzia kwenye kiatu cha msichana, yakapanda polepole kama mtu anayepima kitambaa cha bei, yakafika usoni na yakasahau kushuka. Cheche naye akamwona. Akaweka kidole mdomoni, na chini ya kidole tabasamu lilikuwa linamtoroka. Walitazamana hivyo. Mafuta yangu yaliungua na sikujali. Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wanatazamana kwenye harusi zao wenyewe na hawakufikia robo ya hapo.

Halafu macho ya Mkasi yakatembea ukutani, yakaona swichi iko chini. Yakarudi kwenye vidole vya mpenzi wake, yakaona shaba tupu.

Akili ikamruka.

"Cheche, mpenzi wangu, ziachie hizo nyaya, swichi imewashwa!"

Na kabla sijanyanyua hata mkono, alikuwa ameshamkumbatia miguu yote miwili. Ngazi ikayumba. Cheche akajishika ukutani, koleo likaanguka kwenye sinki kwa kishindo cha kuamsha wafu, vitunguu vyangu vikasambaa sakafuni. Kwa sauti ya chini kabisa msichana akamwambia fyuzi imetolewa, hakuna umeme, kitakachomwua ni yeye anayemvuta miguu.

Koridoni kiti kikasogea, na zikaja nyayo.

Mkaza mwanangu alisimama kwenye mlango wa jikoni, ngumi kifuani. Alimtazama mwanawe aliyekumbatia miguu. Alimtazama mwenye miguu. Halafu akaniuliza mimi, kwa upole unaotisha kuliko makelele, "Ndiye huyu?"

Nikamjibu kitunguu kimeniingia machoni, sioni vizuri.

"Shuka," akamwambia msichana.

"Siwezi, mama. Nyaya ziko wazi. Nikiziacha hivi, atakayekuja kesho atadhani zimefungwa, atashika. Niache nimalize, ndipo unifukuze."

Mkaza mwanangu akamgeukia mwanawe. Akamwambia atoe mikono yake hapo. Mkasi akaachia miguu. Lakini mkono mmoja ukabaki kwenye ngazi.

"Na huo."

"Huo hapana, mama," akasema. "Huo ukitoka ngazi inacheza. Nimekaa mezani kwako nikala kimya, ukisema hapana nakata tonge. Leo sikati. Nampenda huyu. Jumatatu anaondoka, na akiondoka hivi nimemkosa maisha yangu yote. Nipige kama unataka, lakini nipige nikiwa nimeshika ngazi."

Huko juu Cheche alikuwa ameacha kufanya kazi. Alimtazama mtu wake kwa namna ambayo, wallahi, mimi ajuza nilitaka kutoka nje niwapishe. Lakini kupishana na habari si tabia yangu.

Nilingoja mkaza mwanangu alipuke. Hakulipuka. Aliegemea mwimo wa mlango, na uso wake ukabadilika ukawa wa msichana niliyempokea katika nyumba hii zamani.

"Unajua kusubiri, wewe?" akamwuliza mwanawe. "Baba yako alisimama hapo hapo ulipo, funguo za lori mkononi. Akaniambia atarudi chakula kikiwa bado cha moto. Nilikipasha. Nikakipasha tena. Mpaka kikashika sufuria, na mtu hakuja, zikaja habari. Sasa unaniletea mke ambaye kila asubuhi ataaga anakwenda kupanda juu na kushika moto. Nani atakuwa anakipasha? Wewe. Wewe ambaye huwezi kusubiri kifungo kishonwe. Nilisema hapana kwa sababu hiyo. Si kwa sababu ya ngazi."

Kisu changu kikasimama. Mwenye lori alikuwa mwanangu, nimemzaa mimi. Miaka yote hiyo tulikaa nyumba moja, tunapika jiko moja, na hata siku moja hakuniambia habari ya ile sufuria. Nami nikamwita mwenye maringo.

Aliyejibu hakuwa Mkasi. Alikuwa Cheche, kutoka juu, hakushuka wala hakupandisha sauti.

"Mama, kila nyumba ninayoingia namtafuta mwenye wasiwasi. Fyuzi simpi jasiri. Jasiri akiitwa mlangoni anaiweka mezani anakwenda, mwingine anapita anairudisha. Mwenye wasiwasi haendi popote. Kwa hiyo hajawahi mtu kunirudishia umeme nikiwa juu." Akamwashiria Mkasi kwa kidevu. "Huyu mwanao ananipenda, na mimi nampenda mpaka najionea haya. Lakini umemwona. Akiogopa anavuta miguu ya mtu aliye kwenye ngazi. Wewe ulipoogopa ulikaa na fyuzi. Umekasirika, umekuja mpaka hapa kunifukuza, na ngumi bado hujaifungua."

Mkaza mwanangu akaitazama ngumi yake. Nadhani alikuwa ameisahau. Vifundo vya vidole vilikuwa vimepauka kwa kubana. Alifungua kidogo, akachungulia kile kipande cha kauri, akakifunga tena haraka, kama vile kingeruka.

Akageuka. Nyayo zikarudi koridoni, kiti kikalia. Kisha ikaja sauti yake kutoka huko, kavu kama biskuti:

"Sasa mnangoja nini? Nyaya ziko wazi."

Cheche akarudi kwenye kazi yake. Mkasi akashika ngazi kwa mikono yote miwili, paji la uso karibu na goti la ovaroli, jasho linamtiririka kama yeye ndiye anayefunga. Waya wa ardhini ulifungwa kwanza, kisha zile nyingine mbili, skrubu zikakazwa, kila kiungo kikavutwa kuona kama kinatoka. Katikati ya hayo msichana akateremsha mkono kuomba bisibisi, bila kuangalia. Akapewa mkono.

"Hii si bisibisi," akanong'ona.

"Najua."

"Irudishe ilikotoka."

"Haina pa kurudi."

Hakuuachia upesi. Mimi nilikuwa nimeinama naokota vitunguu, na ni ajabu jinsi vitunguu vinavyoweza kuchelewa kuokotwa. Mkaza mwanangu akauliza huko kwa nini kumekuwa kimya. Nikamjibu kwamba wanaunganisha. Akasema waunganishe kwa kelele kidogo.

Ilipofungwa na kifuniko, Cheche akashuka, akafuta mikono kwa kitambaa, akaenda koridoni. Sisi tukamfuata mpaka kona, mimi mbele. Alinyoosha mkono kuomba fyuzi. Mkaza mwanangu hakuitoa. Kwanza alimwuliza kama amefunga zote. Akamwuliza kama kuna kifaa alichosahau ndani. Akamwuliza kama hatapanda tena. Kila swali likajibiwa kwa heshima, bila haraka. Ndipo msichana akamfungulia boksi, akamwonyesha nafasi iliyo wazi, akamwomba airudishe yeye mwenyewe. Mama wa watu alikuwa hajawahi kugusa boksi lile maishani. Akafumba jicho moja. Akaisukuma. Ikaingia kwa mlio mdogo, tak, na Cheche akawasha.

Jikoni feni ikakohoa, ikasafisha koo, ikaanza kuzunguka. Nilirudi mbio, kama naweza kuita zile mbio. Moshi wa mafuta yangu yaliyoungua ulikuwa umejaa dari nzima. Ukapinda. Ukajivuta ukutani, ukatoka nje kwa foleni kama watoto wa shule waliopigiwa kengele, na paka wa jirani nikamsikia anapiga chafya uani. Nilivuta pumzi mpaka chini. Sikukohoa. Mkasi alicheka kwa sauti, akamshika Cheche kiuno, akakumbuka mama yake yuko, akakiachia kama amegusa pasi.

Mama yake alikuwa nyuma yetu. Alisimama chini ya ile feni, uso juu, anaitazama inavyofanya kazi, muda wa kutosha mtu kusema sala fupi. Cheche alianza kukusanya vifaa vyake. Koleo aliliingiza mkobani, akalitoa akalifuta, akabaki nalo mkononi. Alijua, na sote tulijua, kwamba akifunga mkoba ule bila neno, ameufunga na mengine yote.

"Hiyo kazi ya hospitali," mkaza mwanangu akasema, macho bado juu, "ni ya muda gani?"

"Ya miezi michache, mama."

"Kwenu anayezungumza na wageni ni nani?"

Koleo likaanguka tena. Mkasi akakaa juu ya vitunguu. Cheche akasema ni mjomba wake mkubwa, baba ni mpole mno.

"Basi mjomba ajiandae. Jumapili wazee wetu wanakuja. Jumatatu utasafiri ukiwa una watu." Ndipo alipoteremsha macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza bila kupima. "Na huko, kila ukishuka ngazi, nipigie. Usiku wa manane, mchana, nikiwa bafuni, piga. Sema tu nimeshuka, ukate. Usimpigie yeye. Mimi."

Cheche alikwenda akamkumbatia na ovaroli yake ya vumbi, na mkaza mwanangu, ambaye hagusi hata kikombe chenye doa, alimshika kichwa akakiweka begani, akamfunga na kitambaa chake kilichokuwa kinafunguka. Wote wawili walikuwa wanalia, na hapakuwa tena na moshi wa kusingizia.

Kutoka sakafuni Mkasi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeachwa kituoni, yeye je, atajuaje kama mpenzi wake ameshuka salama.

"Utaniuliza mimi," mama yake akamwambia. "Kwa adabu."